Kifurushi Changu Kilivyofuta Majina Ufukweni

Hili nimelificha miaka, hata mke wangu analijua nusu tu, kwa hiyo mniache nimalize ndipo mcheke.

Miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka ziwa kwa wingi, nilikuwa fundi kompyuta kwenye kituo cha mapokezi ufukweni, jirani na Katonga, Kigoma. Kompyuta za kuandikishia wageni zilitumia mfumo wa Linux, na kazi yangu ilikuwa kuchukua msimbo wa programu ya uandikishaji kutoka hazina yake ya mtandaoni, kuujenga, halafu kuufunga uwe kifurushi ambacho kila kompyuta inakipokea kwa amri moja (kazi niliyoringa nayo, nikidhani Kigoma nzima niko peke yangu).

Asubuhi hiyo toleo jipya likagoma kuingia, linagongana na mafaili ya zamani. Badala ya kutafuta ni faili lipi, nikaandika ndani ya kifurushi mstari mmoja tu: futa kwanza folda yote ya zamani. Nikakijaribu nyumbani kwangu Katubuka, kikaingia vizuri (kompyuta yangu haikuwa na jina la mtu yeyote, ningeona wapi tatizo), na saa sita mchana, foleni ilipoisha, nikakiweka kwenye kompyuta zote tatu za kituo bila kumuuliza mtu.

Bi Zuhura, mkuu wetu, akafungua orodha awaite watu wa basi la kwanza la kambini. Hamna kitu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Majina yako wapi?"

Majina yalikuwa yakikaa ndani ya folda ile ile, na nakala hutumwa makao makuu jioni tu.

Waliokaa mbele walisikia. Neno likapita kwenye mabenchi: wametufuta, wanaturudisha. Sikuwahi kuona watu wakiogopa kimya namna ile, wanafunga mizigo, wanabeba watoto mgongoni, na wengine wameshaanza kutoka, hawajui waendako.

Bi Zuhura akanipa kipaza sauti. "Waambie mwenyewe."

"Hakuna anayerudishwa," nikasema. "Ni mimi nimefuta majina, kwa makosa."

Wengi hawakunielewa. Akasogea mzee mmoja aliyefika alfajiri, Mwalimu Nestori, aliyejua Kiswahili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekutuma utufute?"

"Hakuna, mzee. Ni uzembe wangu."

Kisha akawageukia wenzake na kuwaeleza kwa Kirundi, taratibu, huku akininyooshea kidole, mpaka mizigo ikaanza kushushwa. Tukaandika upya kila mtu, njaa na jua vikiwauma kwa kosa langu, na hakuna aliyenitukana, jambo lililoniumiza zaidi.

Mwalimu Nestori alipofikiwa, akazunguka meza akasimama nyuma yangu.

"Lisome," akasema.

Nikalisoma jina lake kwenye kioo cha kompyuta.

"Tena."

Nikalisoma tena, na la mkewe, na ya wajukuu wanne, ndipo akaenda kupanda basi.

Vifurushi natengeneza mpaka leo. Lakini amri ya kufuta siiandiki tena bila kwanza kufungua folda na kuangalia ni nani anakaa humo.