Kidole cha Mama Loice

Katika Kambi ya Tatu, kwenye mashamba ya chai yanayoteremka kutoka Kericho, hakukuwa na mtu mgumu kudanganywa kama Jerusa. Alikuwa mke wa Ogola na mama wa watoto wawili, Loice wa miaka tisa na Joab aliyekuwa hajaanza kutembea. Nyapara Kepher alipima kikapu chake kabla ya vikapu vyote, kwa kuwa alichoka kugombana naye. Kikapu kikitundikwa kwenye mizani, wenzake walitazama mshale. Jerusa alitazama mikono ya nyapara.

"Mshale hauna tumbo la kulisha," alikuwa akisema. "Chunga mwenye tumbo."

Watu walicheka, lakini hawakujua alikoyatoa maneno hayo. Mwaka wa 1929 mtu mmoja mwenye kofia alipita kwao Asembo, kando ya ziwa, akiwa na furushi la mablanketi na kibati cha wino. Alimwambia Ogola abonyeze kidole gumba kwenye karatasi, apewe blanketi. Ogola, maskini, akabonyeza. Blanketi alipata kweli. Pamoja nalo alipata miezi sita ya kazi Kericho, iliyogeuka miaka, na kipande, kile kitambulisho cha kazi cha kuvaa shingoni. Jerusa alimfuata na sufuria zake kichwani, akiwa na hasira ambayo haikumtoka tena. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kwake yeye kila karatasi iliyotaka kidole ilikuwa unyasi.

Shuleni alimpeleka Loice kwa shingo upande. Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya udongo mwisho wa kambi, na mwalimu wake, Zacheus Irungu, alikuwa kijana wa pande za Murang'a mwenye shati jeupe, aliyekula chakula cha mchana na karani wa ofisi. Hapo tu Jerusa alikwisha kumhukumu. Mtu anayekula na karani, habari zako atazimeza au atazitema wapi?

Masomo yaliisha adhuhuri. Watoto wakitoka shule ndio waliokuwa mayaya wa kambi, maana mama zao walikuwa bado kwenye majani ya chai mpaka jioni. Loice alimfunga Joab mgongoni na kumpakata Mokeira, binti wa miezi miwili wa jirani yao Bochaberi. Bochaberi alikuwa Mkisii mpole, mgeni wa kambi, na huyo alikuwa mtoto wake wa tatu. Wawili wa kwanza hawakufikisha mwaka. Hakufanya jambo lolote bila kumwuliza Jerusa.

Mvua za masika ya 1934 zilikuwa zimekolea Loice alipoleta karatasi nyumbani. Chini yake palikuwa na mstari mtupu na doa la wino wa zambarau.

"Mwalimu anasema ni ya kikohozi," Loice akaeleza. "Kile cha kuvuta pumzi. Anasema baba ama mama aweke kidole hapa, halafu nirudishe."

Jerusa aliigeuza karatasi mbele na nyuma. Kusoma hakujua, lakini doa lile alilijua.

"Kikohozi kinataka kidole cha nini?" akauliza. "Kikohozi kinaandikwa kazi?"

Siku hizo watoto walikuwa wakichukuliwa kuchuma chai, kwa kuwa vidole vyao ni vyepesi na posho yao ni ndogo. Jambo hilo halikuwa uvumi. Kambi ya Kwanza walikuwa wamekwisha kuona. Kwa hiyo Jerusa aliikunja karatasi na kuirudisha kama ilivyokuja.

Siku ya tatu karatasi ilirudi, na safari hii ililetwa na nyapara Kepher mwenyewe, kibati cha wino mkononi. Hapo shaka ikawa yakini. Tangu lini nyapara akahangaikia kifua cha mtoto wa mtu? Wanawake walitoka milangoni wakisubiri kuona Jerusa atafanya nini, na Jerusa alifunga mlango.

Kepher akasogea kwa Bochaberi. Huyu alikuwa ameshamsikia Loice akikohoa, na akaogopa. Alinyoosha kidole gumba kuelekea wino. Jerusa alifungua mlango, akapiga hatua tatu, akamshika kifundo cha mkono.

"Mama Mokeira, ngoja kwanza. Huyu atakuchukulia mtoto."

"Lakini kama ni ugonjwa kweli?"

"Ugonjwa unasemwa na mdomo. Kidole ni ya kazi."

Bochaberi aliurudisha mkono. Nyumba kumi na saba za mstari ule zilifanya vivyo hivyo, na jioni hiyo Jerusa alipika ugali akiimba. Alijiona ameokoa watoto wa kambi nzima, na sitasema uongo, alifurahi mno.

Loice aliendelea kukohoa, na kila adhuhuri aliendelea kuwabeba wale wawili. Wiki ya pili Joab alianza: kikohozi cha mfululizo, uso ukimwiva, halafu ile sauti ya kuvuta pumzi kama jogoo anayejifunza kuwika. Jerusa aliisikia asubuhi moja shambani, mtoto akiwa mgongoni mwake. Aliacha kikapu chini ya mche wa chai, akaenda moja kwa moja shuleni, matope mpaka magotini.

"Mwalimu, ile karatasi ilisema nini?"

Zacheus aliitoa kwenye meza na kumsomea polepole. Kifaduro kimeingia shuleni. Mtoto anayekohoa abaki nyumbani. Asilale na mtoto mchanga, wala asimbebe. Basi. Hapakuwa na neno la kazi.

"Na kidole?"

"Dresa, yule msaidizi wa daktari kule zahanati, alitaka kujua kila nyumba imeambiwa. Kidole ni ya kuonyesha mmesikia tu, mama."

"Ungekuja mwenyewe utuambie."

"Mimi niliogopa mtanifukuza," akasema mwalimu, bila kumtazama. "Kila mtu huku ananiita mtu wa karani. Ndiyo nikamtuma nyapara."

Jerusa alitamani kumkasirikia, lakini hasira haikuja. Alitoka mbio hadi kwa Bochaberi kumwambia Mokeira asibebwe tena. Bochaberi alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa, mtoto mapajani. Mokeira hakuwa akikohoa. Watoto wadogo namna ile hawana hata nguvu ya kukohoa, hukata tu pumzi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na usiku wa tatu pumzi ilikatika isirudi.

Joab alipona, akakonda, akanenepa tena. Bochaberi hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Siku ya matanga alimwambia Jerusa maneno mawili tu: "Ulinishika mkono." Kisha akachukua kuni akaenda zake. Jerusa aliyabeba maneno hayo miezi mingi, na kwenye mizani alinyamaza, hata Kepher akashangaa.

Mwaka uliofuata surua ilifika. Mwalimu Zacheus safari hii hakutuma karatasi wala nyapara. Alimwita Jerusa, akamweleza kila kitu kwa mdomo, akamwomba apite nyumba kwa nyumba. Kambi ilimwamini kuliko serikali. Alipita, na kila mlango ulifunguka, na watoto wenye macho mekundu wakatengwa siku hiyo hiyo.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Bochaberi. Alikuwa na mtoto mwingine kifuani, wa kiume, majuma matano. Alimsikiliza Jerusa mpaka akamaliza, akiwa amesimama katikati ya mlango.

"Hayo ni maneno ya mdomo," akasema. "Iko na karatasi?"

"Mwalimu amesema hakuna haja ya karatasi. Amenituma mimi."

"Wewe ndiyo siamini, Mama Loice."

Jerusa aligeuka pale pale. Alirudi shuleni kwenye mvua, akamwamsha mwalimu aliyekuwa amejilaza baada ya masomo, akamwambia aandike na kuacha mstari mtupu chini. Alirudi na karatasi ndani ya leso na kile kibati cha wino wa zambarau, Loice nyuma yake ili aisome, maana sasa alijua kusoma. Loice alisoma neno moja moja mpaka mwisho. Bochaberi aliitazama karatasi, akamtazama Jerusa, asisogee.

Jerusa alifungua kibati. Alichovya kidole chake gumba, ambacho hakikuwahi kugusa wino tangu azaliwe, akakibonyeza kwenye ule mstari mtupu kwa nguvu mpaka karatasi ikajikunja. Kisha akamsogezea Bochaberi kibati, akaweka mikono yake yote miwili nyuma.