Sista Ulijuaje, Mfuaji wa Hospitali

Alizaliwa asubuhi ya mvua kubwa, mwezi wa Machi mwaka 1921, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu, akafunikwa kwa aproni ya baba yake yenye harufu ya gundi. Hakuna malaika aliyeonekana. Alipofika miaka saba alikata ngozi ya kiatu cha mteja ili amshonee mwanasesere wake mkoba, kisha akamsingizia mdogo wake, na mdogo akachapwa. Basi chakula kikamshinda siku mbili nzima. Siku ya tatu akaungama kwa bibi yake bila kuulizwa. "Nani kakwambia useme?" bibi akashangaa. "Hakuna." "Na nani kakwambia umekosea, maana sisi hatukujua?" "Hakuna, Bibi." "Makubwa haya! Sasa ulijuaje?" Mtoto akasamehewa, na mdogo wake akapewa ule mkoba wa mwanasesere kama fidia, ingawa hakuutaka kabisa. Lakini swali la bibi likamganda.

Mwaka 1940 aliingia utawani, akapangiwa kufua nguo za hospitali ya masista. Kwa miaka ishirini na minane alisimama mbele ya karo tatu za saruji, moja ya kuloweka, moja ya kusugua, moja ya kusuuza. Kabla ya kuloweka alipekua kila mfuko, maana wauguzi husahau vitu, na kila aliyepita kuchota maji alikutana na swali lake: "Lile baya ulilowahi kufanya, ulijuaje kuwa ni baya?" Ndipo watu wakamwita Sista Ulijuaje. Polisi alitaja fimbo ya mama yake, katekista alitaja katekisimu, mpishi akajishika tumbo akasema, "Hapa, Sista, hapa ndipo paliponichoma." Hata askofu hakupona. Aliahidi kufikiri, na baada ya miezi sita akaandika barua kwamba bado anafikiri. Mtumishi huyu wa Mungu aliyapenda majibu yote, ila jambo moja lilimsumbua kwa utamu wake. Kila mtu alijua kwa njia yake, lakini hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Baya lipi?"

Kulikuwa na mwalimu aliyelazwa kwa kuvunjika mguu, msomi wa kweli, aliyemwambia kwamba mema na mabaya ni mazoea ya watu tu, kila mahali na yao. Sista hakukasirika, alimwomba aeleze tena, taratibu. Kesho yake mgonjwa wa kitanda cha jirani akachukua gongo la kutembelea la mwalimu akaenda nalo kuota jua. "Huu ni uonevu!" mwalimu akapiga kelele wodi nzima. Sista akatokea mlangoni, mikono ikichuruzika povu: "Ulijuaje, Mwalimu?" Mwalimu alicheka mpaka mguu ukamuuma, kisha akasema, "Lakini hasira yangu si ushahidi, Sista." Naye akakubali: "Kweli kabisa. Hasira hukosea. Ndiyo maana bado nauliza."

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1968. Mke wa seremala, aliyelazwa kitanda cha kumi na nne, alikufa ghafla baada ya sindano. Seremala akaambiwa kwamba alimchelewesha mgonjwa nyumbani. Akaamini. Wakwe zake wakamwita muuaji, wakawachukua binti zake wawili, na yeye akawa anakuja kila siku kukaa chini ya ukuta wa chumba cha kufulia, akirudia, "Ningemleta Jumatatu. Mimi ndiye niliyemuua." Wiki hiyohiyo Sista alikuta katika mfuko wa aproni kichupa kitupu cha dawa ya sindano, na kibandiko chake kilisema kitanda cha nne, si cha kumi na nne. Akamwendea muuguzi mwenye aproni, akamwuliza swali lake la siku zote. Muuguzi hakuuliza baya lipi. Alikaa juu ya rundo la mashuka machafu akalia.

Mama Mkuu alikuwa anajua tayari, na hakuwa mtu mbaya. "Hospitali ni hii moja," alisema. "Watu wakituogopa watafia majumbani. Nakuamuru kwa nadhiri yako, nyamaza." Sista akanyamaza siku tisa, akisali. Hakusikia sauti, hakuona ndoto. Siku ya kumi alitoka kumfariji seremala, akataka kumwambia kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu, na ulimi ukagoma. Akarudi moja kwa moja ofisini. "Mama, naenda kumwambia." Mama Mkuu akasimama. "Kutii umefundishwa. Hili nani kakufundisha? Haya, nawe tuambie: ulijuaje?" Masista waliokuwapo wanakumbuka jibu lake: "Njia niliyopita siijui, Mama. Nimeitafuta maisha yangu yote. Lakini nimeshafika."

Alipotoka, muuguzi alikuwa mlangoni. Wakaenda wote wawili, na muuguzi ndiye aliyesema. Seremala aliwatukana kwa uchungu, kisha akalia kilio alichokizuia wiki mbili. Jumapili binti zake wakarudi nyumbani. Wodi zilikaa nusu tupu miezi minne, na hilo lilimuumiza Sista mpaka mwisho. Wagonjwa waliporudi walisema, "Pale angalau wakikosea wanakwambia." Sista aliondolewa kwenye kazi ya kufua kwa kuvunja amri, akamenya viazi miaka kumi bila manung'uniko, akiwauliza wapishi swali lake.

Alifariki tarehe 9 Juni 1978. Mchana ule Mama Mkuu, mzee tayari, aliinama kitandani akasema, "Siku ile, mwanangu, hata mimi nilijua." Mgonjwa akafumbua jicho moja: "Ulijuaje?" Wakacheka wote wawili, wakishikana mikono, na muda mfupi baadaye Sista akaiaga dunia. Seremala ndiye aliyetengeneza jeneza. Waamini husema anayenawa kwenye karo zake hawezi kusema uongo siku hiyo. Mwandishi wa habari hizi amenawa pale mara mbili, na ndugu zake watashuhudia kwamba muujiza huo unahitaji uchunguzi zaidi.

Tumwige, basi, katika kuuliza bila kiburi na kutenda bila kungoja jibu la mwisho. Nawe unayesoma, pokea swali lake kabla hujafunga kitabu: lile baya ulilolifanya, ulijuaje kuwa ni baya? Kaa nalo kidogo. Umeona? Hukuuliza lipi.