Mtu mweusi mmoja katika jiji zima la katuni ya Kijapani, na jinsi tulivyomharibu wenyewe hapa Tabora

Wakuu, salaam kwenu. Ninayoyaeleza yamenitokea mwezi huu, hapa Tabora mjini. Sijatia chumvi, nilichopunguza ni hasira tu.

Tangu nimalize chuo huwa nawakusanya vijana kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa kukodi. Tunatazama filamu, kisha tunajadili. Safari hii nilichagua anime ya zamani ya Kijapani, zile za majiji ya mashine na watu wenye mikono ya chuma.

Hoja yangu ilikuwa nzito. Waliochora jiji hilo waliiwaza kesho ya dunia nzima: mabango ya lugha mbalimbali, umati usiohesabika. Katika umati wote huo, mtu mweusi ni mmoja. Mmoja! Tena midomo yake imechorwa kana kwamba mchoraji alisimuliwa tu.

Hata hivyo, mtu huyo ni fundi. Ndiye anayetengeneza miili ya wenzake, na akiongea anasikilizwa.

Kwa hiyo nikamwalika rafiki yangu Kulwa, mzaliwa wa Usinge, fundi simu pale sokoni. Nilimwambia, "Njoo, mle ndani kuna mtu kama wewe."

Kosa langu ni hili: vijana hawapendi kusoma maandishi ya chini, nikachukua nakala iliyotiwa sauti ya Kiswahili na Kaka Shabani, DJ wetu wa muvi. Sikuitazama kwanza.

Wakuu, yule fundi alikuwa amepewa jina la Mapembe na lafudhi ya Kinyamwezi cha kuigiza, kama ya Kulwa iliyotiwa chumvi. Anaogopa lifti. Anauliza kama jiji hilo lina ugali.

Watu walivunjika mbavu. Mjadala haukufanyika. Kulwa alitoka kabla ya mwisho.

Jumatatu soko zima linamwita Mapembe. "Mapembe, shika simu, angalia isikung'ate!" Mtu aliyekuwa na maneno kuliko redio akaanza kuwajibu wateja kwa kichwa tu, wasisikie lafudhi yake. Mimi aliniambia sentensi moja: "Ulisema kuna mtu kama mimi."

Nikaenda kwa Shabani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Naona umekuja na hotuba."

Nikamweleza yaliyompata Kulwa, na kwamba Wajapani walimchora vibaya yule fundi, lakini waliomfanya mjinga ni sisi.

"Dada, mimi mwenyewe Mnyamwezi. Huu ni utani. Babu zetu wapagazi walitaniana na kila kabila njia nzima mpaka Pwani, leo unaniletea mambo ya chuo?"

"Mtani hujibu, kaka. Huyu atakujibu vipi, na mdomo wake umeushika wewe?"

"Basi mlete huyo Kulwa wako aseme yeye."

Kulwa alikataa. Siku tatu nilimfuata na karatasi ya maneno niliyomwandikia ya kumwambia Shabani, ya heshima na yaliyopangika vizuri. Hakuigusa.

Kumbe alikwenda kwa Shabani peke yake.

Jumamosi iliyopita tulionyesha nakala mpya. Fundi anaongea kwa sauti ya Kulwa, kwa lafudhi yake halisi. Swali la ugali amelibakiza! Lakini sasa anamfokea tajiri wa jiji kwa kuunguza mkono wa chuma kwa uzembe. Na mle ndani kuna mkaguzi msomi wa kike; sasa anaongea kama mimi:

"Kimsingi, ndugu zangu, suala la uwakilishi..."

"Dada, shika tochi," fundi anamkata. "Huoni niko kazini?"

Ukumbi ulicheka kuliko mara ya kwanza. Wote walinigeukia. Kulwa alikuwa mstari wa mbele, anapiga makofi.

Sokoni bado wanamwita Mapembe. Tofauti ni kwamba sasa anawajibu, na wengine wanajuta kumwanza.

Nimeudhika, sikatai. Na wachoraji wale bado nawalaumu: mtu mmoja katika jiji zima ni aibu. Lakini nilichojifunza kinaniuma zaidi. Shabani alimpa mtu yule mdomo wa mjinga, nami katika kumtetea nikataka kumpa mdomo wangu. Hakuna kati yetu aliyeanza kwa kumuuliza Kulwa.

Wa Nzega, Kigwa na kwingineko, huko kwenu ma-DJ wanamsemesha vipi mtu wa aina hii? Semeni. Ila wa Usinge, kwao Kulwa, waanze.