Mzee Reli na Meza ya Kulia Chakula

Mtaani walimwita Mzee Reli, na jina hilo lilimvimbisha kichwa kweli. Msidhani aliwahi kuendesha treni. Wapi! Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na treni zake zilikuwa zile ndogo za umeme za kuchezea. Reli yake aliipigilia misumari juu ya meza ya kulia chakula, na tangu siku hiyo familia nzima inakula imepakata sahani.

Asubuhi ungemkuta miwani imemshuka puani, kichwa cha treni kimelazwa chali kwenye taulo kama mtoto anayebadilishwa nepi. Vumbi alilitoa kwa mswaki mkuukuu. Magurudumu aliyasugua kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, gia akazitia mafuta ya cherehani kwa bomba la sindano. Akimaliza, anakifunika kitambaa na kukirudisha kabatini. Kiwashwe? Thubutu! Kichwa kisichotiwa mafuta hakitembei, kitakwaruzika. Kilichotiwa mafuta nacho hakitembei, kitachafuka. Kwa sheria hiyo hakuna aliyewahi kuona treni ya Mzee Reli ikisogea hata shubiri moja.

Wakwe wa binti yao walipotuma salamu kwamba Jumapili wanakuja kula mchana, mkewe uvumilivu ulimwisha.

"Baba nanii, Jumapili treni yako izunguke meza hii mara moja, niione kwa macho yangu. Ikizunguka, nitaazima meza kwa jirani na hutanisikia tena. Isipozunguka, ng'oa misumari yako, na hivyo vichwa nawagawia watoto wa mtaani."

"Mama nanii, hivi vichwa ni roho yangu!"

"Basi roho yako itembee."

Jumapili akachagua kichwa chekundu, kipenzi chake. Hakutaka kubahatisha, maana mama huyu akisema amesema. Akatia mafuta gia, akatia ekseli, vile vyuma vinavyoshika magurudumu. Akaona bado, akayapaka na magurudumu. Kisha, Mungu amsamehe, akaipaka reli yenyewe mzunguko mzima, ing'ae mbele ya wakwe.

Akamwita mkewe, akabonyeza swichi. Magurudumu yakazunguka vuuu kwa kasi ya ajabu, mafuta yakamrukia kwenye miwani, na treni ikabaki palepale. Akaisukuma kwa kidole. Ikateleza kidogo, ikazima.

Mzee akajikunyata kungoja matusi. Hayakuja. Mama alisimama na mwiko wake mkononi, midomo inamcheza.

"Yaani kumbe haiendi," alisema. "Miaka yote hii nimepakata sahani, najipa moyo kwamba ipo siku utaniita, baba nanii, nije nione. Mimi nilidhani unaitengeneza ili iende."

Aibu ilimpanda Mzee Reli mpaka masikioni. Hata siku moja haikumjia kwamba kuna mtu anasubiri. Akatafuta kitambaa, vyote vimelowa mafuta. Akavua shati lake jeupe, lile lililopigwa pasi kwa ajili ya wakwe, akaanza kufuta reli kama mtu anayezima moto.

"Hodi wenyewe!" Wakwe hao mlangoni.

Mzee akaganda, kifua wazi, shati jeusi tii mkononi. "Nivae nikafungue?"

"Wewe futa!" Mama akatupa mwiko, akashika upindo wa gauni lake jipya, akaanza kufuta upande wa pili.

Mzee akafuta magurudumu kwa kola ya shati, akabonyeza tena. Kichwa chekundu kikagugumia, kikakohoa, kikaanza kuvuta. Pole pole kikapita kona ya kwanza. Mama akaikamata meza kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Hodi jamani! Hamtusikii?"

"Subirini hapohapo nje!" mama akapiga kelele bila kugeuka. "Treni inapita!"