Namba ya Mfagiaji

Matanga ya mumewe hayajaisha, shemeji yake alisimama mbele ya ukoo mzima akasema karakana ni mali ya ndugu wawili wa tumbo moja, na mjane alikuwa mfagiaji tu. Mama mkwe aliinamisha kichwa. Kesho yake kufuli lilikuwa jipya, na kadi aliyokuwa akiivaa mjane shingoni ilishapokonywa.

Uongo mtupu. Karakana ile ilizaliwa juu ya meza yake ya kulia chakula. Mume alitunga programu za mashine za kutotolea vifaranga; yeye alichomelea chipu, moshi wa risasi ya kuchomelea ukimwingia machoni.

Walipoibiwa programu mara ya kwanza, mume alitia ulinzi. Kila chipu ilichomwa alama ndani yake, alama isiyofutika. Mashine ikipewa programu mpya, kwanza hukagua saini yake kwa alama hiyo; isipoijua, haiipokei. Saini ilitolewa na kisanduku kimoja cha kabatini, nacho hakikufunguka bila kadi mbili, ya shemeji na ya mke, kila mtu na namba yake ya siri. Mume mwenyewe hakujipa kadi. Alisema anayepika asijionjee peke yake. Shemeji alicheka sana siku hiyo, akaiita ya pili kadi ya jikoni.

Sasa mashine zikapata ugonjwa: joto likipanda, feni inazima, mayai yanaiva badala ya kuanguliwa. Shemeji akaajiri mtaalamu, programu ikatibiwa, ikatiwa saini mpya. Mashine zote zilizokwisha kuuzwa ziliikataa. Zilikuwa zikitaka saini ya zamani. Ndipo akaikumbuka kadi ya jikoni. Akajaribu mwaka aliozaliwa kaka yake. Siyo. Akajaribu tarehe ya harusi. Siyo. Akikosea tena, kadi inajifunga milele.

Akamfuata mjane kwenye chumba chake cha kupanga, alikokuwa akitengeneza chaja za simu.

"Shemeji, yaliyopita si ndwele," alianza.

"Kwako. Mimi bado naumwa."

Akaeleza jinsi wateja wanavyomjia na trei za mayai yaliyoiva. Mwanamke alijua, walikuwa wakimpigia na yeye, naye aliwaambia wazime mashine, kisha waende kwa mwenye mali. Wateja aliwahurumia. Lakini huyu shemeji hakumhurumia hata chembe.

"Nitajie tu namba. Ni siku aliyozaliwa mwanao?"

"Mfagiaji ana namba gani, shemeji? Ana ufagio."

Akaahidi kumrudisha kazini. Akaahidi meza yake mwenyewe, karibu na dirisha. Mwishowe, akitazama mlango, alinong'ona kwamba haya, sawa, hakuwa mfagiaji.

"Sikusikia," alisema mwanamke. "Lile la kwanza walilisikia hata waliokaa nje."

Shemeji akasema hawezi kuuita ukoo kwa jambo dogo hivyo. Yeye ni mtu mwenye heshima zake. Mwanamke akachukua chaja nyingine, akaifungua, akaendelea na kazi mpaka shemeji alipoondoka.

Namba anayo kichwani, wala hajaisahau. Shemeji ndiye mwenye deni: asimame mbele ya walewale, kwa sauti ileile, aseme karakana ilijengwa na nani. Hajasimama.