Nge wa Mwakitolyo

Kila nikiona kuni zimerundikwa ukutani, mwanangu, naikumbuka siku moja kule Mwakitolyo. Nilikuwa mke mpya, nina mimba. Mume wangu, Masanja, alichimba dhahabu. Nami nilikaa na mama yake kwenye kibanda cha turubai. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Nilidhani hanipendi.

Jioni ile nilichomoa ukuni bila kuutazama, nge akanidunga kidoleni. Maumivu yalipanda mpaka kwapani kama moto. Nikapiga yowe. Masanja, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka shimoni, akaja mbio na mpira wa baiskeli anifunge mkono, na wembe anichanje sumu itoke.

"Weka chini huo wembe!" mama yake akafoka.

"Mayu, sumu itamfika moyoni!" Masanja akamlilia mama yake.

"Dada yako Kabula hakuuawa na nge. Nilimfunga mkono, nikamchanja, kidonda kikaoza. Mimi mwenyewe, mama yake. Weka chini."

Masanja hakuwahi kuyasikia hayo. Wembe ukamponyoka.

Mama mkwe akanikalisha, akaanza kunivua pete ya ndoa. Nikazidi kulia, maana nilifikiri ananikataa. Unacheka? Nilikuwa msichana tu.

"Kidole kitavimba, ng'wanawane," akaninong'oneza. Kisukuma hicho, ndiyo kusema mwanangu, na hakuwahi kuniita hivyo. "Utaivaa tena ukipona."

Akaniosha kwa maji na sabuni, akaniwekea kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Kisha akamgeukia Masanja: "Leta baiskeli. Mjamzito hangojei kuona itakuwaje."

Njiani mate yalinijaa mdomoni na mkono ukawa unarukaruka wenyewe. Masanja alisukuma baiskeli, mama yake akanishika kiuno nisianguke, ananiambia nipumue polepole. Kwenye kituo cha afya walinitibu, wakanilaza mpaka nikatulia. Mama mkwe hakutoka kando ya kitanda changu. Baadaye nilijifungua salama.

Basi nisikilize, mwanangu, kabla hujaondoka. Mtu akidungwa na nge, msimkate, msimfunge, msimnyonye sumu, wala msimpake majani. Mvueni pete na bangili, muosheni kwa sabuni, mumwekee kitambaa cha baridi, na mkono autulize. Mtoto, mjamzito au mzee apelekwe hospitali hapohapo. Na yeyote anayetokwa mate, anayetapika, anayetetemeka au kupumua kwa shida, msimngojee apoe. Buti zako zikung'ute kabla ya kuvaa, na kuni uzitazame. Na kama kuna jambo lililokuumiza zamani, waambie wanao mapema. Mama mkwe wangu alilibeba peke yake miaka mingi mno.

Nenda, Mungu akufunike. Na siku utakayoumia mbali nami, akuletee karibu mtu mwenye mikono ya upole.