Léontine na Meno Yaliyoanikwa

Vahwere Léontine ni binti wa Vital, aliyesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye maharagwe toka Butembo mpaka Bunia hata akasahau hesabu ya safari, na wa Godelive, aliyezalisha nusu ya mtaa wa Saio hapo Bunia miaka ile watu walipoogopa kutoka nyumbani. Yeye mwenyewe kazi yake ni kutayarisha meno. Si ya walio hai: yale yaliyong'olewa.

Kila jino lililong'olewa kwa dokta Yves, daktari wa meno, Léontine alilikwangua kwa wembe na kulitia katika chupa ya maji ya chumvi. Dokta alikuwa amepata kole mpya, gundi ya kushikishia meno yaliyovunjika, naye hakutaka kuijaribu katika kinywa cha mtu. Angeijaribu kwanza juu ya meno ya chupa.

Hakuna aliyeingojea kole hiyo kama Léontine. Binti yake Fanny alianguka na moto, yaani pikipiki, njia ya Aveba, jino la mbele likakatika, na soko lote likamcheka. Akakimbilia mji wa Ariwara kuuza vitenge. Miaka mitatu sasa, hata picha hatumi. Katika simu, kicheko kikimponyoka, mama yake anasikia kiganja kikiziba kinywa.

"Mama, siku kole yenu itashika, nitarudia."

Basi ikatokea matanga Aveba, Léontine akakaa huko juma zima. Aliporudi, alimkuta dokta anafunga katoni.

"Mama Léontine, kole hii iko bure, haishiki. Nilibandika kijiwe juu ya jino, nikaning'inizia kopo, nikamwaga mchanga ndani. Kikombe cha pili tu, jino na kole vimeachana! Kesho ninairudisha."

Léontine alisogea mezani. Akayatazama yale meno: makavu, meupe kama chaki. Akamgeukia Hortense, mwanamke wa kufagia, anayejulikana Saio kwa usafi.

"Hortense, meno haya uliyafanya nini?"

"Niliyaosha, yaya, dada yangu, nikayaanika juu ya bati siku tatu. Kitu cha kulala mu maji si kinaoza?"

"Weye! Uliona ni mihogo? Ulitaka tusage, tukule bugali ya meno?"

Dokta alicheka. Léontine hakucheka.

"Dokta, jino likikauka, nyuzi zake za ndani zinalala. Kole itaingilia wapi? Weye haukupima kole. Ulipima jua ya Hortense."

Dokta aliweka katoni chini. Kisha akasema, "Nakupa mpaka kesho asubuhi."

Ndani ya chupa, chini kabisa, yalibaki meno matano ambayo Hortense hakuyaona. Asubuhi Léontine aliyasugua moja moja juu ya papye ya mchanga, ile karatasi ya msasa, maji yakitiririka, mpaka uso wa kila jino ukawa sawa kama meza. Akayagusa kwa pamba, asiyakaushe wala asiyaache yakitota, yawe kama ngozi ya mtu aliyetoka kunawa. Dokta akapaka kole, akabandika kijiwe chenye ndoana, akaning'iniza kopo.

Kikombe cha pili cha mchanga kikapita. Cha tano. Cha tisa. Cha kumi na moja, ta! Kijiwe kilianguka na kipande cha jino juu yake. Kole haikuachia, jino ndilo lililovunjika. Na katika mengine manne hakuna lililoachia kabla ya cha tisa.

Léontine alipiga simu Ariwara. Akamwambia Fanny kwamba kole imeshika.

"Na ikiachia mbele ya watu, mama?"

Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto anayeomba abebwe. Léontine alikata simu, akafunga kitenge kiunoni, akamwita Hortense.

"Dokta anataka meno kumi ingine kabla ya kugusa kinywa cha mutu. Ni weye utayatayarisha. Miye niko naenda Ariwara, mutoto huyu hatakuja kwa simu."

"Yaya, na nikiharibu tena?"

"Ukiharibu, mutoto wangu atabakia kule. Leta papye na maji. Anza na jino hili, nikuone."